Kosa Moja, Karatasi Tatu

Harufu ya choo ndiyo iliyokuwa zawadi ya benchi la mwisho. Katika shule yetu ya msingi pale Koboko, mji ulio karibu na mpaka wa Sudan Kusini, kila jaribio la katikati ya muhula lilipokwisha, mwalimu wa darasa la nne alisimama mlangoni na kitabu cha alama, akatupanga upya kama viazi sokoni: vizuri mbele, vibovu nyuma, karibu na dirisha ambalo upepo wa chooni uliingilia. Alama za kusoma na za hesabu alizijumlisha. Karatasi zilirudi na wino mwekundu, na asubuhi iliyofuata tukaanza mada mpya, kana kwamba jaribio lilikuwa la kututenganisha tu.

Kusoma nilijua, hesabu ndizo zilizonizamisha. Bibi yangu, muuza ufuta, alinifundisha kwa mabeseni kwamba kidogo hutoka ndani ya kikubwa, kamwe si kinyume. Basi nilipoambiwa nitoe kumi na saba katika hamsini na mbili, niliona saba haiwezi kutoka kwenye mbili, nikaitoa mbili kwenye saba na kuandika arobaini na tano. Sikubahatisha. Nilikuwa na kanuni yangu, na hakuna aliyeniuliza ni ipi.

Jirani yangu wa benchi alikuwa Kiden, aliyekuja na mama yake kutoka Sudan Kusini. Kwake hesabu zilikuwa maji, ila kusoma kulimshinda. Hatukupendana.

"Zaitun, kichwa yako iko ya kubeba beseni tu," alinichokoza.

"Na wewe soma jina yako kwanza."

Jaribio la tatu lilikuja na tishio: atakayeshindwa atarudishwa darasa la tatu, alikokuwa mdogo wangu. Nilishindwa tena; Kiden aliponea chupuchupu. Kiden akazivuta karatasi zangu zote tatu, akazitandaza benchini, kidole kikashuka taratibu.

"Ona. Kosa iko moja. Hapa, hapa, na hapa. Wewe hapana mujinga, wewe nageuza."

Akachora vijiti hamsini na viwili kwa mafungu ya kumi, akalivunja fungu moja kuiongezea ile mbili. Kabla ya kengele nilikuwa nimeelewa. Nikampelekea mwalimu karatasi, nikamwomba anijaribu kwa hesabu moja tu. Hakuinua macho.

"Alama iko kwa kitabu tayari. Chukua mfuko yako."

Mdogo wangu alisogea kunipisha, darasa zima likicheka.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mwalimu hakuutafuta hata ufa. Leo nafundisha katika shule moja ya Mvara, na nikisahihisha sipangi karatasi kwa alama. Naziweka mafungu kwa makosa: waliogeuza huku, waliosahau kumi waliyokopa kule, na kesho yake kila fungu lina somo lake. Kazi hiyo hula mchana mmoja tu, ndiyo maana simsamehe mwalimu wangu. Mkuu wa shule bado hudai orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho. Nampa, nikijua haijawahi kumfundisha mtoto yeyote kutoa.

Lakini hasira yangu haiishii kwao. Muhula uliofuata Kiden aliacha shule, bado akisoma kwa kubahatisha. Siku ile ya vijiti, karatasi zake tatu za kusoma zilikuwa palepale benchini, kando ya zangu, na mimi niliyejua kusoma sikuzivuta.