Siku Niliyousingizia Wali wa Mama Neema

Naona aibu hata kuanza, ila habari imeshazunguka Lupiro na Kisawasawa ikiongezwa chumvi kila kituo, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe, halafu mkitaka kucheka mcheke.

Mimi ni mtu wa sukari, huu mwaka wa sita. Mpunga ulipoanza kukomaa nilikwenda shambani Lupiro kuwinga ndege wasiumalize, na nilipofika ndipo nikakumbuka kwamba vidonge vyangu nimeviacha Ifakara juu ya kabati, nikapiga hesabu kwamba kwenda na kurudi ni siku nzima na ndege hawamsubiri mtu, basi nikasema wiki mbili tu, mwili umeshazoea. (Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo tu, si ndiyo?) Mchana, ndege wakipumzika, nami najilaza kwenye dungu, kichanja cha kulindia shamba, na nzi wakitua usoni nawaacha, nimechoka. Siku za mwisho pua ikaziba upande mmoja, ikawa inatoa majimaji yenye damu na harufu, nikasema mafua. Na kwa kuwa haikuniuma hata kidogo, niende hospitali nikaseme nini?

Nikarudi nyumbani, na kesho yake tu ndiyo posa ya Festo, mtoto wa marehemu dada yangu, na mshenga ni mimi. Mke wangu akaninusa. "Baba Rehema, mafua gani yananuka hivi?" Nikapaka dawa ya kuchua puani, nikavaa koti, tukapanda bajaji kwenda Kisawasawa.

Kwa kina Neema, binti tuliyekwenda kumposa, wanakulisha kwanza, maneno baadaye. Nilikuwa nimeshakula nusu sahani pua ikanitekenya, nikapiga chafya kwenye kiganja (kwa adabu, nikageukia pembeni), niliporudi kutazama sahani namwona funza mweupe anajinyonganyonga ukingoni. Nami, bila kufikiri hata kidogo, nikasema mbele ya wote, "Mama, samahani, huu wali una mdudu."

Kumwambia hivyo mwanamke wa bonde hili, aliyeupanda mpunga mwenyewe na kuuvuna mwenyewe, ni afadhali ungemtukana. Mama Neema aliweka bakuli chini taratibu. "Baba mshenga, mchele huu nimeupepeta mara tatu kwa ajili yenu." Mume wake akasukuma kiti nyuma. "Kama mmekuja kutudhalilisha, maneno mengine tuyaache." Festo akaniangalia kwa macho ya kuomba, maana binti alikuwa anamponyoka hivi hivi, na kosa lenyewe hata hakulijua.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Jamani tazameni wenyewe," nikainama kuwaonyesha, wakadondoka wengine wawili kwenye kitambaa cha meza, mahali ambapo hapakuwa na hata punje ya wali. Nikachanganyikiwa. Nikatazama juu, kwenye bati, namtafuta huyo anayetuangushia. Wengine wote walikuwa wananitazama mimi.

Bibi yake Neema akaninyooshea kidole. "Si huko juu, baba. Ni puani."

Sikuelewa. Hata nilipojigusa nikaona kidole kimelowa damu, bado nilikuwa nauangalia wali.

Festo alinipakia bajaji mpaka hospitali Ifakara. Nesi alinitoboa kidole, kipimo kikaonyesha sukari imepanda mno, daktari akaingia na taa kichwani. Aliniosha pua kwa maji ya chumvi, akanyonya uchafu kwa mpira, akawatoa funza kwa kikoleo mmoja mmoja, nami nawasikia wakidondoka kwenye kibakuli cha chuma. Nikamuuliza ilikuwaje mimi nisisikie chochote. "Shikamoo yako nakupa, mzee, lakini hili umelitaka," akasema. "Sukari ikikaa juu, kidonda hakiponi na maumivu huyasikii vizuri. Nzi wao wamesikia harufu, wakataga." Nililazwa siku tisa, sindano za sukari, vidonge, na kila asubuhi taa na kikoleo mpaka asionekane hata mmoja.

Siku zote hizo sikuwaza pua. Nilimwaza yule mama na bakuli lake.

Nilipotoka nilikwenda Kisawasawa mwenyewe, nikamwambia, "Mama, wali wako ulikuwa msafi. Mchafu nilikuwa mimi." Akaniangalia sana, akaingia ndani, nikajua posa imekwisha. Akarudi na sahani ya wali, akaishika tu mkononi, hakunipa.

"Kadi ya kliniki iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Akasoma mistari yote, akanirudishia, ndipo akaniwekea sahani mbele. Festo na Neema wameshaoana, na mpaka leo nikiingia nyumba ile hakuna anayeniuliza habari za nyumbani kabla sijaonyesha kadi. Naionyesha. Na vidonge, hata nikienda chooni, viko mfukoni.