Binamu Alivyopona na Kijiji Kikamletea Kazi

Binamu yangu aliugua akili enzi za Mwingereza, miaka ile karanga za Kongwa zilipokataa kuota na matrekta yakabaki porini kama viboko waliokosa mto. Alianza kwa kutolala. Kisha akawa anasikia watu wanamwita ambao sisi hatuwasikii, akapanda juu ya tembe la jumbe, kwenye paa la udongo, kuwajibu. Wanaume wakamfunga kamba ya katani, wakampeleka mjini kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mkewe naye akachukuliwa na baba yake, akarudi kwao Msalato.

Huko hospitali alikaa hata tukasahau sura yake. Siku moja huyo, anakuja kwa miguu yake, mnene kama ndama wa mganga, suruali ya kaki, anasema kule alikuwa analima kabichi na daktari amemruhusu arudi nyumbani.

Basi sisi tukaanza kumwogopa kwa adabu. Wazee wenye meno mawili mdomo mzima wakawa wanamwamkia yeye shikamoo! Mama mmoja alikutana naye njiani, akampisha mpaka akaingia kwenye miiba na mtungi wake wa maji, akasimama humo humo anatabasamu huku damu inamtoka.

Na mimi je? Yeye ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu hao ni watani, matusi ndiyo salamu. Zamani tukikutana tulitukanana mpaka mbuzi wanaona haya. Sasa nikimwona nasema kwa sauti ya kanisani, "Hujambo, ndugu yangu mpendwa?"

Akanitazama sana. "Kwani nimekukosea nini?"

Mara baba mkwe wake akaleta neno kutoka Msalato: mavuno yakiisha atakuja mwenyewe kuangalia. Akikuta kijiji kinaishi na mkwewe kama na mtu mwingine yeyote, binti atarudi. Akiona kamba, au watu wanamchungulia kama fisi aliyeingia zizini, binti harudi ng'o. Binamu toka siku hiyo ugali haukupita kooni. Alimpenda yule mke, hata ugonjwa ulipomzidi jina lake hakulisahau.

Nadhani hospitali walijua watu wa vijijini tulivyo, maana walimtuma dresa, msaidizi wa daktari, na baiskeli yake aje kutufundisha. Tukakusanyika kwa jumbe. Dresa akasema, huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, si mizimu, hauambukizi. Msimfunge. Msimcheke. Asinywe pombe, inagombana na dawa zake. Ugonjwa ukirudi, muwahisheni hospitali mapema, msingoje apande juu ya nyumba. Na mpeni kazi, maana kazi inamrudishia mtu utu wake.

"Kazi gani, bwana dresa?" jumbe akauliza.

"Kazi yoyote ya kawaida, kama mwenzenu."

Laiti angenyamaza hapo kwenye "msimfunge"! Dresa akirudi mjini hajafika hata Ipagala, kijiji kizima kimeshapeleka dawa kwa binamu. Yule mama wa miiba alitangulia na jembe: "Baba, nimekuletea tiba, shamba langu lile pale." Huyu kaleta mbuzi wa kuchunga, yule kisima cha kuchimbua. Ng'ombe wa kijiji walimjua yeye kuliko baba zao.

Sasa kuna jambo. Kwetu kazi ya kualikana malipo yake ni pombe. Unaita watu, wanakulimia, wanakujengea, jioni wanakunywa, hakuna anayemdai mwenzake. Lakini binamu pombe amekatazwa! Kijiji kikakaa, kikafikiri, kikaona kwamba mtu asiyekunywa hana anachodai. Tukawa tumepata mtu wa bure kwa amri ya serikali. Na tulivyokuwa na huruma, tuliona tunamtibu.

Siku baba mkwe anafika, binamu yuko juu ya tembe la jumbe tena, safari hii anakandika udongo, peke yake, jua linachemsha mate mdomoni. Sisi waalikwa wengine tuko kivulini na pombe ya uwele. Tumechoka kumtazama. Jumbe akainua kata yake, akamwambia kwa upole, kama anambembeleza mtoto mchanga, "Kandika na upande ule, baba. Ni afya yako."

Binamu akasimama. Akachukua karai la udongo, akalimwaga lote chini. Jumbe aliwahi kukwepa, mimi sikuwahi.

"Afya yangu!" akapiga kelele. "Kula afya wewe! Afya yangu imejenga nyumba zenu zote na mimi nalala panapovuja!"

Watu wakatawanyika. Mtu mmoja aliruka ua akiwa na kata mkononi na hakumwaga hata tone. Jumbe akapiga yowe, "Umemrudi! Kamba! Leteni kamba!"

Nikageuka, na huyo baba mkwe, kasimama uani na fimbo yake, ameona yote. Binamu naye kamwona. Hasira zote zikamwisha, akakaa pale juu ya paa kama nguo iliyosahauliwa.

Mimi udongo umenijaa masikioni, nimeumia, nikasahau kabisa mambo ya dresa. Nikamfokea, "We mla kabichi! Hata kulenga hujui! Shangazi alizaa mtu au alizaa kichuguu?"

Kisha kutoka juu: "Kichuguu ni hicho kichwa chako! Na huo udongo uache hapo hapo, umekupendezesha!"

Jamani, nilicheka nikakaa chini. Naye anacheka, machozi yanamtoka.

Kamba ikaletwa. Baba mkwe akaipokea yeye, akamuuliza jumbe, "Huyu mmempa nini tangu asubuhi?"

"Pombe hanywi, mzee."

"Maziwa je?"

Jumbe akaweka kata yake chini.

"Mimi nimesimama hapa mgeni, hakuna aliyenipa hata kigoda, na nina hasira kuliko yeye. Haya, nifungeni!" Akamnyooshea mikono. Hakuna aliyeisogelea kamba. Likaletwa buyu la maziwa mgando, binamu akashuka, wakanywa wawili, na sisi tukapanda juu ya paa kumalizia kazi.

Baba mkwe kamba aliiona, lakini na matusi yetu aliyasikia, na mke akaja mwenyewe kabla mwezi haujaandama. Alimuuliza mumewe neno moja tu mbele yetu: "Wale watu wakianza kukuita tena, utaniambia?"

"Nitakuambia kabla sijawaitikia."

Na akamwambia kweli. Kiangazi kingine alianza kukosa usingizi, hata hakungoja, tukaondoka watatu kwenda mjini, hatuna kamba, namtukana njia nzima na yeye ananijibu. Tulipofika getini askari akauliza kwa upole, "Mgonjwa ni yupi?"

Mke hajafumbua mdomo, binamu akaninyooshea kidole.

Askari alinishika mkono vizuri kabisa. "Karibu, baba. Usiogope, utapona." Mpaka mke aje anyooshe maneno, mimi nilikuwa nimeshaonyeshwa kitanda, na kusema kweli, kilikuwa kizuri kuliko changu.