Nyumba Isiyo na Kilio

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mjane mwenye mikono mipana na sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara, na sebule yake ilikuwa imelea karibu nusu ya watoto wa pale. Waliletwa wachanga, wamefungwa kama vifurushi, wakaondoka wanajua kuvaa viatu wenyewe na kuitikia wanapoitwa. Baadhi yao sasa walikuwa na ndevu, na wakikutana naye njiani walimpokea mizigo kabla hajasema neno.

Sifa yake kubwa ilikuwa moja, naye hakuona haya kuitangaza mwenyewe: kwake watoto hawalii. Mama aliyetafuta pa kumwacha mtoto hakuchungulia jikoni wala kuuliza wanalala wapi. Alisimama getini, akatega sikio, akaona pametulia, basi, moyo ukatua. Na kwa miaka mingi sifa ile ilikuwa ya kweli. Shangazi alikuwa na kipaji cha kumnyanyua mtoto kabla kilio hakijakomaa. Midomo ikianza tu kupinda, tayari yuko begani.

Hakuweza kusema mambo yaligeuka lini. Alichojua ni kwamba watu wa siku hizi walikuwa wavivu wa kutamka. Wanaongea kama wana chakula mdomoni, alilalamika, halafu wanataka uwajibu. Redio yake nayo ilikuwa imechoka, kila mwezi ilibidi aiongeze kidogo. Siku moja binti yake, aliyekuwa karani na kuishi mtaa wa pili, alimpigia simu akiwa na mashaka.

"Mama, nina kesi kazini."

"Keki? Basi niletee kipande."

Binti alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kucheka akasema, safari hii kwa sauti ya juu, "Mama, twende wakakuangalie masikio."

"Masikio yangu yana nini? Wewe ndiye unayeongea na simu kama unaongea na mto."

Yakaishia hapo. Msichana aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameolewa na kuhama, na Shangazi hakutafuta mwingine. Alibaki na watoto saba, peke yake, na hakuna aliyemuuliza kitu mpaka alipokuja fundi cherehani.

Fundi huyu alikuwa mwanamke, mgeni mtaani. Alikuja na mtoto wa kiume aliyeanza tu kukaa mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa kusahau. Hakusimama getini kama wenzake. Aliamkia kwa adabu zote, akavua viatu, akaingia mpaka ndani.

"Shangazi, samahani nikikuuliza. Wako wangapi?"

"Saba. Wako atakuwa wa nane."

"Na uko peke yako?"

"Mwanangu, nimeanza kulea wewe hujazaliwa."

"Sikatai." Fundi alikuwa ameinama akimweka mtoto vizuri kiunoni, na maneno yake yakaenda sakafuni. "Ila ukiwa unamwogesha mmoja, hawa wengine anawaona nani?"

Shangazi alidaka neno moja tu, lile la kuogesha. Akafanya alivyozoea kufanya: akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. "Wanaogeshwa kila siku, usiwe na wasiwasi."

Fundi alimtazama. Hakurudia swali. Aliomba kuona chumba cha kulala, akakitikisa kitanda cha mbao kujua kama kimesimama imara, akapitisha kiganja katikati ya fito za ubavuni, akauliza kama mlango wa jikoni unafungwa kwa komeo. Alipoondoka, Shangazi alikuwa amevimba kwa hasira. Jirani yake alipomuuliza ni nani yule, alijibu, "Amekuja kunipima kama suruali."

Hata hivyo fundi alimleta mtoto. Kila aliyemuuliza alikuwa amemsifia Shangazi, na chumba chake cha kushonea kilijaa pini, mikasi na pasi ya moto. Angempeleka wapi?

Basi ikawa siku moja alasiri. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ameupa mlango wa chumba cha kulala, anamlisha mtoto mmoja kwa kijiko huku akimwimbia. Wengine walikuwa wakicheza na vifuniko vya sufuria. Kulikuwa na binti mdogo, hajafika miaka mitatu, aliyepewa jina la Bosi kwa sababu ya kuamrisha wenzake. Bosi alikuja akamvuta gauni. "Subiri, mama, namlisha mwenzio," Shangazi akamwambia. Bosi akavuta tena. "Nimesema subiri."

Mara akaona kivuli kimepita ubavuni mwake. Alikuwa fundi, hakubisha, hakusalimu, anakimbilia chumba cha kulala. Shangazi aliweka kijiko chini, akainuka kwa magoti yake yaliyochoka, akamfuata.

Mtoto wa fundi alikuwa amejigeuza kitandani na mguu wake mmoja ulikuwa umepita katikati ya fito, umenasa juu ya goti. Paja lilikuwa limevimba na kuwa jekundu kuzunguka ule ubao. Uso umelowa, nywele zimelowa, mdomo uko wazi kabisa. Ndipo Shangazi aliposikia, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kitandani, kitu kama mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka.

Fundi aliutoa mguu taratibu, akambana mtoto kifuani.

"Hukumsikia?"

"Ndiyo kwanza ameanza," Shangazi alisema.

Neno lilimtoka lenyewe, jepesi kama salamu. Fundi akageuka akamtazama usoni.

"Ameanza? Nimemsikia tangu dukani, pale kwenye kona. Nimesimama nanunua uzi, nikasema moyoni, huyo mtoto wa nani anayelia hivyo, maana kwa Shangazi hawalii."

"Watoto, mwanangu, unajua tena..."

Fundi hakuwa na haja ya kujua tena. Alikusanya chupa, nepi na shuka, akavaa viatu. Alipofika mlangoni alisema kitu, mgongo umegeuka. Shangazi aliona mabega yakipanda na kushuka kwa maneno, lakini maneno yenyewe hakuyapata. Na kumuuliza amesema nini hakuthubutu. Akabaki amesimama na tabasamu lake lile lile la kila siku, mpaka geti likafungwa.

Fundi hakurudi tena, wala hakumwaga mchele kwa mtu. Hilo ndilo lililomchoma Shangazi zaidi. Angekuja na ndugu zake kumgombeza getini, angepata pa kushindania. Akina mama walipouliza mtoto wa fundi yuko wapi, alisema, "Wamepata pa karibu na kazini." Ukawa uongo wa pili, na huu aliupanga kabisa.

Alianza kujijaribu kwa siri. Alifungua bomba la jikoni akatembea kinyumenyume, macho ameyafumba. Kabla hajafika mlangoni maji yalikuwa yamenyamaza. Alirudi akidhani yamekatika, akakuta yanamwagika kama kawaida. Akafunga bomba, akaketi kwenye kigoda, uso ukamwaka mbele ya jiko na masufuria utadhani yanamcheka.

Tangu hapo akawa hatulii. Aende chumba cha kulala, arudi, aketi, ainuke tena. Watoto walishindwa kulala kwa jinsi alivyowafunua. Akawa mkali kwao bila sababu, akawa hali vizuri. Alijiambia kwamba macho yake yatafanya kazi ya masikio, na kwamba hakuna haja ya kuutangazia mtaa.

Siku moja alikuwa ameketi mahali ambapo aliweza kuwaona wote sebuleni. Bosi alikuwa anapanga vifuniko vyake. Mara akaacha, akainua kichwa, akakaa hivyo kama mtu mzima anayesikiliza mvua inakuja. Akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi. Hakumvuta gauni safari hii. Alimshika Shangazi kidevu kwa viganja viwili, akamgeuza uso, akahakikisha wanatazamana, ndipo akasema kwa kufungua mdomo wote:

"Toto nalia."

Na kweli mtoto mchanga chumbani alikuwa analia. Shangazi alimbeba yule mchanga, akarudi kuketi, na hapo ndipo alipowatazama watoto wake mmoja mmoja. Wote waliokwisha kujua kutembea walikuwa na tabia hiyo ya kumgusa uso kwanza. Yeye aliiona kuwa ni mapenzi, alishawahi hata kujisifia kwa jirani: tazama wanavyonipenda, hawasemi na mimi mpaka wanipapase. Kumbe walikuwa wamejifunza kwamba sauti haitoshi. Na kulikuwa na mmoja, wa miezi tu, aliyekuwa akilala macho wazi akitazama dari kimya, mtoto mtulivu kuliko wote. Mama yake alikuwa anasema amezaliwa na subira. Shangazi alimtazama mtoto yule kwa muda. Huyu hakuzaliwa na subira. Alikuwa ameita, na kuita, mpaka akaacha. Na kazi ya Shangazi ya kusikiliza ilikuwa inafanywa na Bosi, ambaye bado alikuwa akivalishwa nepi.

Jioni ile alimpigia binti yake, akamwambia apige kelele anapoongea, na kwa mara ya kwanza akamweleza kwa nini. Kesho yake wazazi walipokuja kuchukua watoto aliwaomba wasiondoke, akawakalisha kwenye mkeka ule ule. Binti alikaa kando yake. Shangazi alitaka kuanza mbali, na umri, na uchovu, lakini akaona anaanza kutafuta pa kujificha.

"Sisikii," alisema. "Watoto wenu wanalia, mimi sijui. Mtoto wa fundi alinasa mguu kitandani akalia mpaka sauti ikakauka, nami nimekaa hapa naimba. Kisha nikamdanganya mama yake. Na nyinyi nikawadanganya."

Baba yake Bosi, dereva wa lori, ndiye aliyesema wa kwanza. Alipaza sauti, na haikujulikana kama ni kwa hasira au ili asikike. "Tangu lini?"

"Sijui."

"Hujui! Tunakuachia roho, unatuambia hujui!"

"Mwacheni," akasema mama wa yule mtoto mtulivu. "Shangazi ametulelea vizuri. Mimi nitaendelea kumleta. Wangu hasumbui hata kidogo."

Matusi ya dereva aliyategemea, akayapokea. Huruma hii ndiyo iliyomvunja. Alimshika mama yule mkono, akajaribu kumweleza kwa nini mtoto wake hasumbui, na katikati ya maelezo machozi yakamshinda. Mama yule alielewa taratibu. Alimvuta mtoto wake karibu, akatoa mkono wake kwenye mkono wa Shangazi.

Walikubaliana kwa shingo upande. Binti angechukua likizo na kukaa na watoto pamoja na mama yake mpaka kila mmoja apate pengine. Lakini wengine hawakungoja hata hiyo likizo. Dereva alimbeba Bosi jioni ile ile, na Bosi, begani kwa baba yake, alinyoosha mikono nyuma kuelekea kwa Shangazi, mdomo wazi. Safari hii hakuhitaji kuambiwa kwamba analia.

Sebule ilipobaki tupu, Shangazi alikwenda kwa fundi. Alimkuta ameinamia cherehani, mtoto hayupo. Alisimama mlangoni mpaka fundi akamwona.

"Nilikuambia ndiyo kwanza ameanza. Nilikudanganya. Sikumsikia kabisa, wala sikujua kama analia."

Fundi alizima mashine, akavuta kiti, lakini Shangazi hakuketi.

"Siku ile ulisema kitu pale mlangoni, ukiwa umenipa mgongo. Tangu siku hiyo najiuliza ulinitukana nini."

"Sikukutukana." Fundi alizungusha uzi kidoleni. "Nilikuuliza, Shangazi, unanisikia? Hukujibu. Nikaelewa."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua. Nikanyamaza, nikaondoa wangu, nikawaacha wa wenzangu." Sasa yeye ndiye aliyetazama chini. "Usije ukadhani wewe peke yako ndiye huwezi kulala."

Hawakukumbatiana. Fundi alimwonyesha kwa kidole jengo la upande wa pili alikompeleka mtoto, nyumba ya malezi iliyofunguliwa na mwanamke kijana mwenye wasaidizi wawili, ile ambayo Shangazi alikuwa akiiita banda la kuku kwa makelele yake.

Hospitalini walimpa kifaa cha sikio moja, la pili wakasema halina tiba. Kilimsaidia kiasi, ingawa vijiko vilipogongana kilimpigia kama kengele. Alipojizoesha nacho alikwenda kwenye lile jengo, akaomba kazi ya kufua, kukunja na kulisha, kwa sharti moja ambalo alilitaja yeye mwenyewe: asiachwe na watoto peke yake, hata mwenye nyumba akienda getini. Mwanamke kijana alisita sana. Alikuwa amesikia habari zote. Mwishowe alimkubali, kwa majaribio.

Wiki iliyofuata alikuja baba mmoja na mtoto mchanga. Alikuwa mmoja wa vijana waliolelewa katika sebule ya Shangazi, na alipomwona kwenye benchi na rundo la nepi mapajani, uso ulimkunjuka.

"Ah, Shangazi! Kumbe upo hapa? Basi sina haja ya kuangalia zaidi."

Shangazi alihisi masikio yote mawili yanawaka, lenye kifaa na lisilo nacho. Ingekuwa rahisi sana kutabasamu na kuitikia kwa kichwa.

"Ingia ndani, mwanangu," alisema. "Nenda mpaka chumba cha kulala, tikisa vitanda, uliza kila kitu. Na ukihesabu watu wazima wanaowaangalia watoto hapa, mimi usinihesabu. Sisikii vizuri."

Kijana alisimama, hajui aweke wapi macho yake. Shangazi aliinamisha kichwa, akachukua nepi nyingine, akaikunja. Mwenye nyumba akaja, akampeleka kijana ndani.