Vidoa vya Zambarau

Siku hizi nikipita Ruiru nakuta maghorofa mahali palipokuwa na ploti yetu ya nyumba za mabati. Tulikaa pale watoto wakiwa bado wadogo, mimi nikifanya kazi katika kiwanda cha nguo Thika, mke wangu akiuza sukuma wiki langoni. Jioni tulikula nduma tukiwa tumekaa mlangoni, miguu nje, tukimsalimia kila apitaye.

Wakati huo ndipo nilipoanza kuwashwa sehemu za siri. Kwenye kichwa cha uume palitokea vidoa vya zambarau, bapa, vinavyong'aa. Nikanunua dawa ya fangasi kwenye duka la dawa, nikapaka wee, wapi! Mwishowe nikaenda kliniki moja pale mtaani. Daktari alitazama upesi, akanidunga sindano.

"Huu ni ugonjwa wa zinaa," akasema. "Mlete mkeo naye atibiwe."

Nilirudi nyumbani nimebeba neno hilo kama gunia. Nilipomwambia mke wangu, aliacha kukata mboga.

"Baba watoto, umetembea nje?"

"Sijatembea."

Akaweka kisu chini. "Na mimi pia sijatembea. Basi huyo daktari hajui. Kesho twende Thika pamoja."

Huko tulimpata daktari wa ngozi, mama wa makamo mwenye sauti ya pole. Nilikuwa tayari nimeshika mshipi, lakini yeye aliomba mikono kwanza. Kwenye vifundo aliona vipele ambavyo mimi nilidhani vimeletwa na rangi za kiwandani.

"Hebu fungua mdomo, baba."

Akamulika tochi. Ndani ya shavu kulikuwa na mistari myeupe, myembamba kama utando wa buibui. Akamwita mke wangu naye aone. Ndipo akanikagua kule chini, bila haraka.

"Hamkuambukizana chochote," akatuambia. "Ni mwili wako unaishambulia ngozi yake wenyewe. Ugonjwa huu unaitwa lichen planus. Sehemu hizo hautokei sana, ndiyo maana watu huukosea."

Alinitia ganzi, akakata kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara. Majibu yaliporudi, yalikubaliana naye. Akaniandikia mafuta ya kupunguza uvimbe na mwasho.

Tulipotoka, mke wangu alicheka njia nzima, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Tukanunua nanasi, tukalila tukiwa tumesimama kando ya barabara, maji yakitutiririka mikononi. Sijawahi kula nanasi tamu kama lile.

Vidoa vilififia taratibu, vikaacha kivuli tu. Sasa mke wangu ametangulia mbele ya haki. Kinachonijia zaidi ni sauti yake jioni, akiwa jikoni, akiipaza bila aibu mpaka ploti nzima isikie: "Baba watoto, umepaka?" Majirani walidhani ninaumwa na mgongo, wakawa wananipa pole.