Dawa Ndani ya Uji wa Bi Maimuna

Tangu Bi Maimuna azikwe, binti yake Sitara hakuweza kukaa kitako hata kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Alifagia ua uliokwisha fagiwa. Alipanga masufuria, akayapangua, kisha akatoka mpaka barazani kumtazama kaka yake Uledi kwenye cherehani, akarudi ndani bila kusema alichofuata. Wapangaji wenzao katika nyumba ile ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, walisema ni msiba huo, utapungua. Ulikuwa msiba kweli, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Lakini ndani ya msiba Sitara alikuwa amerithishwa jambo ambalo hakujua aliweke wapi.

Kaka yake, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, alikuwa akipinda khanga. Wanawake wakinunua doti katika duka la Gaudens, yule Mchaga wa ng'ambo ya barabara, huvuka na kumpa Uledi aikate katikati na kuzipinda ncha. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mshono wake ulinyooka. Mtu aliyemwona pale barazani, na kofia yake ya kufuma, akimtania mteja kuhusu jina la khanga aliyoichagua, asingedhani kwamba aliwahi kukaa miezi bila kuoga, akibishana na watu waliomsema kutoka ndani ya ukuta.

Hayo yalimwanza akiwa na miaka ishirini na minne. Bi Maimuna alimpeleka kwa sheikh, akasomewa, akanywa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Kisha alimpeleka hospitali, na huko wakaambiwa ugonjwa wenyewe unaitwa skizofrenia, una dawa, na dawa ni ya kila siku. Uledi alivitupa vidonge kwenye mfereji wa maji machafu. Alisema yeye si mgonjwa, wagonjwa ni wanaomsema. Miaka mitatu ilipita hivyo, leo wodini, kesho nyumbani, keshokutwa hajulikani alipo. Ndipo alfajiri moja, baada ya swala, mama yake akavisaga vidonge kati ya vijiko viwili, akavikoroga kwenye uji wa ulezi, akazidisha sukari na ndimu. Uledi akanywa. Mama akamwekea mkono kichwani, akamsomea Fatiha na Ayatul Kursi kama alivyomsomea kila siku.

Baada ya wiki chache ukuta ukanyamaza. Uledi akarudi kwenye cherehani, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba amepona kwa dua ya mama yake. Bi Maimuna hakumsahihisha. Kila mwezi alikwenda mwenyewe kuchukua dawa, akimwambia muuguzi kuwa kijana anameza vizuri. Akaendelea hivyo miaka kumi na moja, mpaka moyo ulipomwangusha. Siku tatu kabla ya kufa alimwita Sitara, akamwonyesha mfuko wa vidonge chini ya kitanda na vile vijiko viwili, akamwambia asimwambie mtu.

Akafa. Na hapo likatokea kosa ambalo hata leo Sitara akilifikiria husimama wima.

Nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Majirani ndio waliopika, na wanaume wakala barazani kwenye sinia, mikono mitano au sita katika wali mmoja, Uledi akiwa katikati yao. Sitara alikuwa na vidonge vimefungwa kwenye pindo la khanga yake, lakini hakuwa na kikombe cha kuvitia. Angevitia kwenye sinia, nani angevila? Siku tatu za matanga zikaisha. Shangazi na binamu waliotoka Bagamoyo wakabaki mpaka siku ya saba, nao ndio walioshika jikoni, wakimwambia, "Wewe kaa, mfiwa hapiki." Akakaa, maana kukataa ni kuwavunjia heshima.

Siku ya nane Uledi alifumua pindo za khanga zote alizokuwa amepewa, moja baada ya nyingine, akisema uzi ule umeshonea majina ya wote wanaomsema ukutani. Kisha akatoka peku kuelekea Jangwani. Gaudens alifunga duka saa nne asubuhi, siku ya biashara, akamfuata mpaka bondeni na kumrudisha akiwa amemshika mkono. Alilazwa mwezi mzima. Alipotoka, alisema amekwisha pona na dawa hataki. Kwa hiyo Sitara akavitoa vijiko.

Hali ilikuwa hiyo walipokwenda kliniki kwa mara ya pili, na muuguzi mmoja aitwaye Clotilda akawaeleza kuhusu utafiti. Wataalamu walitaka kujua kama sindano inayochomwa mara moja kila miezi mitatu itawasaidia watu kama Uledi kuliko vidonge vya kila siku. Wangepewa pia mafunzo ya maisha ya kawaida, kila wiki, kwa miezi sita: kujipikia, kupanga siku, kuijua dalili ya kwanza kabla haijawa ya kumi. Clotilda alisema kunyamaza kwa sauti pekee hakutoshi. Walitaka kujua kama mtu anaamka, anaoga, anapokea mteja na kumaliza kazi yake. Uledi alisikiliza kwa makini, kisha akasema kwa adabu:

"Sista, mimi nina miaka kumi na moja sijameza kidonge, ukitoa kule wodini. Nilisimama kwa dua ya mama. Mama hayupo, ndiyo maana nikaanguka. Sasa nani ataniombea?"

Clotilda alitazama faili la Uledi, lenye miaka kumi na moja ya "anameza vizuri". Kisha akamtazama Sitara. Baadaye, kwenye korido, alimuuliza bila ukali kipi kati ya hivyo viwili akiandike. Sitara akamwambia ukweli, kwa sauti ndogo. Clotilda hakushangaa sana. Alisema si mama wa kwanza. Lakini fomu ya ridhaa husainiwa na mgonjwa mwenyewe, akijua alichokimeza na atakachokimeza, na majina yangefungwa Alhamisi. Alijitolea wamwambie pamoja. Sitara akakataa. Hakutaka aibu ya mama yake itajwe mbele ya mgeni.

Siku zile hakutulia kabisa. Alikwenda kwa ustadhi wa madrasa ya jirani, akamuuliza kana kwamba anamsemea mtu mwingine. Ustadhi akajibu kwamba siri ya maiti husitiriwa, ila amana hurudishwa kwa mwenyewe. Alirudi njia nzima akijiuliza aliyoachiwa ni siri au ni amana. Aliswali istikhara akaomba aonyeshwe, akaota foleni ya maji ya bomba. Akaogopa vitu viwili kwa wakati mmoja: kwamba Uledi akijua hatapokea tena chakula mkononi mwake, na kwamba asipojua, siku moja jiko litazimika tena kwa sababu nyingine, msiba mwingine au homa yake mwenyewe, naye atatembea peku mpaka mbali zaidi ya Jangwani.

Jumanne asubuhi alimwekea uji mezani. Uledi alipounyanyua, Sitara akaushika mkono wake.

"Kaka, usinywe kwanza. Humo mna dawa."

Uledi alicheka kidogo, akidhani mzaha. Alipoona uso wa dada yake akaweka kikombe chini, taratibu.

"Dawa gani?"

"Ile ya hospitali. Mama alikuwa anaisaga. Mimi nimeendelea."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kupona."

Sitara alingoja matusi, au kikombe kirushwe ukutani. Swali lililokuja hakulitegemea.

"Na Ramadhani?"

"Alikuwa anakutilia kwenye uji wa kufuturu. Kwa hilo alikuwa mwangalifu. Hakuwahi kukuharibia saumu."

"Kumi na moja," alisema Uledi. "Nimekaa pale barazani miaka kumi na moja nawaambia watu mimi nimeponywa kwa dua. Watu wameleta watoto wao wasomewe na mama, Sitara. Kwa ajili ya maneno yangu."

"Najua."

"Kwa hiyo dua yake ilikuwa bure?"

Hapo Sitara akalia, jambo ambalo hakutaka. Alimwambia mama alikuwa akisoma huku anasaga, na kwamba yeye binafsi hakuwahi kuweza kuvitenganisha. Uledi alisimama, akavaa kofia yake, akatoka. Uji ulibaki ukaganda utando.

Siku hiyo na siku iliyofuata hakula nyumbani. Alinunua chapati na maharage kwa mama lishe wa kona, akala akiwa amesimama, akimwangalia mama yule tangu anapochota mpaka anapomkabidhi sahani. Gaudens hakuliacha lipite. Alimuuliza kutoka mlangoni mwa duka lake kama dada yake amemfukuza au amegundua hajui kupika.

"Dada yangu anapika vizuri mno," akajibu Uledi. "Anatia kila kitu."

Gaudens hakuelewa, akacheka tu. Sitara, aliyekuwa nyuma ya pazia la mlango, alielewa. Alihesabu siku mbili bila kidonge na akaanza kutazama mikono ya kaka yake, kama inashona au inafumua. Usiku alimsikia anajigeuza kitandani, naye akajigeuza upande wake wa ukuta.

Alhamisi aliamka akakuta kitanda cha Uledi kitupu na cherehani imefunikwa. Alivaa baibui juu ya nguo ya kulalia, akatoka mbio kwanza kuelekea Jangwani, akiuliza wauza mitumba na vijana wa bodaboda. Hakuna aliyemwona. Kule bondeni ndipo alipokumbuka ni siku gani. Aligeuza, akafika hospitali miguu imejaa vumbi.

Uledi alikuwa amekaa mbele ya meza ya Clotilda, amevaa kanzu safi, na fomu iko kati yao. Alikuwa amemfanya muuguzi asome kila ukurasa kwa sauti. Sitara alisimama mlangoni akamsikia akiuliza mambo ambayo nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuyauliza: dawa ile inafanya nini kichwani, kwa nini ilimnenepesha, kama anaweza kutoka kwenye utafiti akichoka, kama Ramadhani atachomwa mchana. Clotilda alijibu moja moja, na asilolijua alisema halijui, atamuuliza daktari. Alimweleza pia kwamba hakuna anayechagua kundi. Kompyuta ndiyo inayopanga nani apate sindano na nani abaki na vidonge, ili ulinganisho uwe wa haki.

Uledi akatia saini, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema lakini hajasahau. Kompyuta ikampanga kwenye vidonge.

"Basi ni vilevile," akasema.

"Ni vilevile," akasema Clotilda, "ila sasa unavijua."

Kulibaki mstari mmoja. Palihitajika jina la mtu wa karibu atakayemwona akimeza kila siku, na atakayepigiwa simu. Clotilda alikwisha kunyanyua kalamu, akimtazama Sitara. Sitara naye alikwisha piga hatua.

"Andika Gaudens," alisema Uledi. "Mwenye duka la khanga ninazopinda."

Clotilda akauliza kama nyumbani hakuna mtu.

"Dada yangu huyo hapo, na simkatai. Ila ana huruma. Mama naye alikuwa na huruma, na huruma ndiyo iliyonisagia vidonge. Gaudens hana. Siku nisipomeza atanitukana mtaa mzima usikie." Kisha akageuka. "Nambari yake unayo wewe, Sitara. Simu yangu haina chaji."

Sitara akatoa simu kwenye mkoba. Aliisoma nambari, akakosea katikati, akaomba radhi, akaanza tena tangu mwanzo, tarakimu moja baada ya nyingine, mpaka Clotilda akamaliza kuiandika.