Nyumba Ambayo Tonton Haingii

Tonton alikuja kuiona nyumba yangu Jumapili moja asubuhi, amevaa kanzu nyeupe na viatu vilivyopigwa rangi, kama mtu anayekwenda harusini. Alishuka kwenye moto, pikipiki ya kukodi, akamlipa dereva, akaitazama nyumba kuanzia bati hadi msingi. Kisha akapaza sauti ili mke wangu aliyekuwa jikoni asikie: "Nyumba iko muzuri sana, mama!" Akaketi barzani, na hapo ndipo alipobaki mpaka alipoondoka. Chakula tulimletea nje. Maji ya kutawadha tulimletea nje. Adhuhuri aliiswali kwenye nyasi, kati ya nyumba yetu na ya jirani, nami nikaswali nyuma yake, macho yangu kwenye visigino vyake, nikiona haya mbele ya majirani na mbele ya Mungu pia.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake katika jambo hili. Tonton ni mdogo wake baba yangu. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na Tonton ndiye aliyenichukua akanilea katika lopango lake, kiwanja cha ukoo wetu pale Mangobo. Ni muuzaji wa vitenge sokoni tangu ujana wake. Wenzake walioanza na meza ndogo kama yeye walikopa benki, wakafungua maduka yenye milango ya vioo. Yeye alikataa, kwa sababu mkopo wa benki una riba, na riba ni haramu. Meza yake ikabaki meza. Hakulalamika hata siku moja, ila tulipokuwa tukipita mbele ya duka la mmojawapo wa wale wenzake, alikuwa akiharakisha mwendo.

Nilipooa, alinipa kona ya lopango nijenge, na hakunipa kona tupu. Kila biashara ilipomwendea vizuri alinunua matofali ya kuchoma, akayapanga pale na kuyafunika kwa mabati makuukuu.

"Nyumba inajengwaka pole-pole," alikuwa akiniambia. "Leo tofali, kesho simenti."

Ndivyo watu wanavyojenga Kisangani. Mtu anazeeka pamoja na kuta zake, na siku anapohamia, dirisha moja bado limezibwa kwa plastiki. Lakini mimi na mke wangu tulikuwa tunapanga nyumba za watu, na tulihamahama hata akaacha kufungua baadhi ya mizigo. Vyombo alivyopewa harusini vilikaa kwenye maboksi yake.

Nikapata kazi ya fundi umeme kwenye uwanja wa ndege, Bangboka, kazi ambayo mshahara wake unapitia benki. Kampuni moja ikaanza kujenga nyumba kando ya barabara ya uwanja, zote zimefanana kama sahani za seti moja, na benki ikatutangazia sisi wafanyakazi kwamba inaweza kutukopesha tuzinunue zikiwa zimekwisha. Mke wangu alikwenda kuiona ile ya mfano. Aliporudi hakusema mengi. Alisema tu kwamba jikoni kuna dirisha linalotazama msitu, na kwamba alifungua bomba, maji yakatoka. Wakati huo alikuwa na mimba.

Kabla sijatia sahihi popote nilikwenda sokoni kumwambia Tonton. Nilimkuta anakunja vitenge.

"Bon," alisema. "Kampuni inakuuzia nyumba, na banki inakupa feza."

"Ndiyo, Tonton."

"Wakati wa kurudisha, wanaongezaka kitu juu?"

"Wanaongeza, Tonton."

Akamaliza kukunja kile kitenge, akakilaza juu ya vingine, akakipapasa kwa kiganja.

"Uko mutu mukubwa, sikukatazi. Lakini mimi sitaingia mule, mutoto yangu. Haina kasirani. Iko woga yangu mimi na Mungu wangu."

Nilitamani anigombeze. Ningegombezwa, ningekuwa na la kujibu: kwamba mke wangu amechoka, kwamba kila siku ya mvua ninafika kazini nimelowa, kwamba hata mashehe wengine wana lao la kusema juu ya mtu mwenye shida. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Sikutumia hata neno moja.

Kampuni ilitaka tutangulize kiasi fulani sisi wenyewe, na benki haikubali kukopesha sehemu hiyo. Sikuwa na kitu ila matofali. Nilirudi kwa Tonton na kumwomba ruhusa ya kuyauza, na ninapoyaandika haya nashangaa ulimi wangu ulivyoweza.

"Matofali iko yako," alinijibu. "Kitu nilishatoa, siulizake tena."

Siku lori la mnunuzi lilipokuja, Tonton alifunga meza yake mapema, akarudi nyumbani, akakunja mikono ya shati na kuanza kupakia. Nilimsihi apumzike. Alikataa. Alikuwa akimpokeza mtu wa juu ya lori mawili mawili, na kumwonya: "Beba muzuri, isipasuke, mutu amelipa." Jirani mmoja, mama muuza pondu, majani ya muhogo, akachungulia juu ya uzio akauliza, "Papa, kijana anaanza kujenga?"

"Ashapata nyumba ya kumalizika kabisa," Tonton akamjibu.

Alilisema kwa majivuno. Hakuwa akinifichia aibu, alikuwa akijivunia kweli. Lawama ningeisahau. Sauti ile haijanitoka.

Kampuni ilichelewa kutupa funguo, mara rangi, mara umeme, na kila tulipokwenda kuuliza tulipewa kiti na maneno matamu. Hatimaye tukapewa. Siku hiyo nilisimama katikati ya sebule tupu nikamwita mke wangu aliyekuwa chumbani, kwa ajili tu ya kusikia sauti yangu inavyovuma. Alikuja akicheka, mkono kwenye tumbo. Nilifurahi. Sitasema uongo hapa, nilifurahi sana, na jioni hiyo yote Tonton hakunijia akilini hata kidogo.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa muda si mrefu baada ya hapo. Kwetu, mkubwa wa ukoo ndiye anayemwadhinia mtoto sikioni. Tonton alifika asubuhi, akakaa barzani na kungoja aletewe. Mke wangu alikataa.

"Mutoto iko mudogo, na upepo ni mingi," aliniambia. "Yeye ndiye aingie. Siku moja tu, kwa ajili ya mutoto."

Nilimwona ana haki. Mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi upande wa msitu, na matone ya kwanza yalikuwa yanagonga bati. Nikatoka.

"Tonton, mvua inakuja. Ingia hata hapa mulangoni tu. Mutoto anakungoja."

Aliutazama mlango kwa muda. Kisha akavua viatu, akasimama, akainua mguu. Namkumbuka na mguu wake ule mwembamba ukining'inia juu ya kizingiti, mkono umeshika ukuta. Halafu akaurudisha chini.

"Usinijaribu, mutoto yangu," alisema polepole. "Niko muzee. Niko na zaifu."

Mke wangu alisikia. Alitoka mwenyewe na mtoto amezungushiwa kitenge, akamweka mikononi mwa Tonton bila kuniangalia. Mvua ilikuwa imeshafika na upepo uliipeleka mpaka barzani. Tonton akaigeuzia mgongo, akajikunja juu ya mtoto, akaadhini taratibu, neno baada ya neno, bila kufupisha. Alipomaliza, kanzu ilikuwa imemganda mgongoni. Mtoto hakuguswa na tone.

Tangu hapo nikajua kwamba kukopa kulikuwa jambo moja, na kumwinulisha yule mzee mguu kulikuwa jingine. La kwanza ninalilipa kila mwezi. La pili sijui linalipwa wapi.

Mwaka jana Tonton alianguka sokoni. Sukari, walisema hospitalini, na mguu mmoja ukawa haumtii tena. Daktari akatuambia asikae peke yake. Mke wake alishafariki, mabinti zake wameolewa mbali, mmoja Bunia, mwingine Kinshasa. Mke wangu alikuwa wa kwanza kusema, "Aje hapa. Chumba iko." Hata shuka alikuwa ameshatandika. Tonton alishukuru, akamwombea dua ndefu, akakataa.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayehama. Zaidi ya nusu ya juma ninalala Mangobo, ninampikia lituma, ndizi za kuponda, ambayo daima ina madonge, ninamsaidia kutawadha, asubuhi ninapanda moto kwenda kazini na kupita mbele ya nyumba yangu mwenyewe bila kusimama. Juzi, nikiwa naondoka na mfuko wangu mkononi, mke wangu aliniambia huku akimfunga mtoto mgongoni: "Nyumba ulinunua wewe. Mimi ndiye naishi mo." Hakuwa na hasira. Akanionyesha kwa kichwa kwamba moto inaningoja.

Jioni hiyo nilimwambia Tonton kwamba nataka kuiuza nyumba, niimalizie benki deni lake, turudi wote lopangoni.

"Uuze, halafu mutoto alale wapi?" aliuliza. "Nani alikuambia mimi nataka uuze? Lipa. Lipa mupaka iishe."

"Ikiisha utaingia, Tonton?"

Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa bei.

"Ikiisha, nitaingia. Kama mguu itakubali." Kisha akasema mto unamuumiza shingo. Nikamwinua kichwa, nikaugeuza, naye akafumba macho.