Karani wa Tiketi na Kucha za Mbwa Wake

Kila Jumamosi, treni ya Kabalo ikishaondoka, jirani yangu karani wa tiketi huketi uani na koleo ndogo aliyoinoa mwenyewe, sahani ya unga wa muhogo wa kuzuia damu kando, kisha humwita mbwa wake kama anavyoita abiria wanawake: "Citoyenne, leta mukono!" Mbwa humpa mguu. Karani huuinua kwenye jua, hutafuta mshipa ndani ya ukucha mweupe, hukata ncha tu, nyembamba kama punje ya mchele, hupuliza, hutazama tena. Vidole hivyo hivyo hutusukumia tiketi dirishani bila yeye kuinua macho. Mimi amenirudisha nyuma ya mstari mara mbili, na radhi hajaniomba.

Jumamosi iliyopita nilimsalimu kwa sauti kubwa kutoka kwetu. Akageuka, koleo ikazama. Mbwa akalia, damu ikatoka. Karani akakididimiza kidole cha mbwa kwenye unga, akakishikilia hapo, akavua kofia yake ya kazi. "Pardon, Mama," akamwambia mbwa polepole. "Ni mimi njo nimekosa." Mbwa alimtazama sana. Kisha akamwekea gotini mguu wa pili.